Shajara ya mradi: kijitabu cha "did" na "have" kwa msemaji wa Kiswahili

Wiki ya kwanza

Mradi wenyewe ni mdogo. Nakusudia kuandaa kijitabu cha mazoezi cha kurasa 24, cha kutolewa kopi, kwa ajili ya darasa la jioni la watu wazima ninalolifundisha hapa Tanga. Wanafunzi wangu karibu wote wamepita sekondari, ambako masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza, na kanuni za njeo wanazikariri bila kujikwaa. Ukiwauliza tofauti ya "I ate" na "I have eaten" watakutajia kitenzi kisaidizi na umbo la tatu la kitenzi, na mfano watakupa. Wakishika kalamu kuandika barua, kanuni zote hubaki ubaoni.

Ukurasa wa kwanza nimeuwekea jedwali la safu mbili. Upande mmoja uko wakati uliopita wa Kiingereza pamoja na -li- ya Kiswahili, upande wa pili iko hali timilifu pamoja na -me-. "Nilikula" ni "I ate", "nimekula" ni "I have eaten". "Aliandika" ni "he wrote", "ameandika" ni "he has written". Ndivyo nilivyofundishwa mwenyewe, na kwa miaka mingi ndivyo nilivyofundisha. Jedwali lina mifano 30 na linapendeza macho.

Wiki ya pili

Jumamosi iliyopita nimepitia barua za kuomba kazi ambazo wanafunzi waliziandika kama zoezi la mwezi. Nilitarajia makosa ya kawaida ya tahajia, lakini kilichonisimamisha ni kosa moja lililojirudia barua kwa barua, kana kwamba wote walikaa dawati moja. Nanakili kipande kimoja jinsi kilivyo:

"I have been born in 1996 in Muheza. I have finished Form Four in 2014. I have worked in a hotel from 2016 to 2019 and I have stopped because the hotel has closed in that year."

Mwandishi wa barua hii hakubahatisha. Kila sentensi ina kitenzi kisaidizi mahali pake, na umbo la tatu la kitenzi limeandikwa sawasawa, hata "been born" ambayo huwashinda wengi. Kosa liko mahali pengine: katika Kiingereza, mwaka ukishatajwa, "have" haina tena nafasi, na ilimpasa aandike "I was born in 1996", "I finished Form Four in 2014", "I worked in a hotel from 2016 to 2019". Nilipoirudisha barua yote katika Kiswahili ndipo nilipoona ilikotoka: "Nimezaliwa mwaka 1996 Muheza, nimemaliza kidato cha nne mwaka 2014, nimefanya kazi hotelini kuanzia 2016 hadi 2019." Hicho ni Kiswahili kinachosemwa kila siku, na hakuna mwajiri atakayekikunjia uso. Mwanafunzi alichukua kila -me- akaitafsiri kwa "have", yaani alifanya kile hasa ambacho jedwali langu linamwelekeza afanye.

Jedwali nimelifuta. Inaniuma, kwa sababu kulipanga vizuri kulinichukua siku mbili nzima.

Wiki ya tatu

Wiki hii nimekusanya vipande vya magazeti ya Kiswahili ili nione -me- inavyotumika na waandishi ambao lugha ndiyo kazi yao. Sikuhitaji kutafuta mbali. Karibu kila habari ya mkutano wa hadhara ina sentensi ya aina hii: "Hayo yamesemwa jana na mkuu wa wilaya alipokuwa akizindua kisima." Yamesemwa, na jana, bega kwa bega katika sentensi moja, na msomaji anapita bila kugeuka nyuma. Anayeipeleka sentensi hiyo katika Kiingereza neno kwa neno anapata "This has been said yesterday", ambayo mtahini yeyote ataipiga mstari mwekundu. Kiingereza kinataka "was said".

Nimekaa na jambo hili jioni kadhaa, na hivi ndivyo ninavyolielewa sasa. Kiswahili kinapotumia -me- kinatazama hali iliyobaki baada ya tendo: maneno yamesemwa, sasa yapo, watu wanayajua; kama yalisemwa jana au juzi, hilo ni taarifa ya nyongeza isiyoidhuru -me- hata kidogo. Kiingereza nacho kinatazama hali iliyobaki, lakini kinaweka sharti moja zaidi ambalo sisi hatuna. Muda unaotajwa lazima uwe bado uko wazi hadi dakika ya kusema. "Today", "this week", "this year" na "since Monday" ni milango iliyo wazi, kwa hiyo "have" hupita. "Yesterday", "last week", "in 2014" na "two days ago" ni milango iliyokwisha kufungwa, na hapo hupita umbo la wakati uliopita peke yake. Hata "this morning" ni mlango unaofungwa: anayezungumza saa nne asubuhi anaweza kusema "I have not had tea this morning", lakini ikishafika alasiri atasema "I did not have tea this morning".

Nimefarijika kugundua kwamba si sisi peke yetu tunaoliona sharti hili kuwa geni. Mjerumani husema bila wasiwasi "ich habe ihn gestern gesehen", Mfaransa husema "je l'ai vu hier", na zote mbili, zikitafsiriwa neno kwa neno, ni "nimemwona jana" tupu. Lugha hizo, kama Kiingereza, zilijenga hali timilifu kutokana na kitenzi cha kuwa na kitu. Katika Kiingereza cha kale mtu alisema kitu kama "nina samaki aliyevuliwa", na polepole maneno hayo yakaja kumaanisha "nimevua samaki". Asili ni moja, ila Kiingereza ndicho kilichoifungia jana nje. Darasani nina mwanafunzi aliyesomea Bujumbura kwa Kifaransa, naye ndiye mwenye kosa hili kwa wingi kuliko wote, kwa kuwa lugha zake mbili zinamvuta upande mmoja.

Wiki ya nne

Kazi imekwenda kidogo. Nimechapa orodha ya vitenzi visivyofuata utaratibu, kuanzia "go, went, gone" hadi "put, put, put", na kuongeza zoezi la nusu ukurasa kuhusu -ka- ya masimulizi. Tunaposema "alifika, akaketi, akala", -li- moja hubeba hadithi nzima na zinazofuata huiegemea. Wanafunzi huhamisha uchumi huo katika Kiingereza na kuandika "he arrived, sit down and eat". Kiingereza hakina kitenzi cha kuegemewa; kila kimoja hujibebea wakati wake.

Wiki ya tano

Hii ndiyo wiki ya mradi, na iliyonipa ufunguo ni kicheko cha darasani.

Nilikuwa nikieleza kosa la "I have been born" kwa mara ya tatu. Mama mmoja, muuguzi, ambaye huuliza swali lake na kulisubiri jibu hadi lije, alisema: "Mwalimu, lakini kwa Kiswahili si nimezaliwa?" Nikajibu kwamba ndiyo, ni nimezaliwa. Akaendelea: "Basi na asiyezaliwa Tanga aseme nini, sijazaliwa Tanga?" Darasa likaangua kicheko, maana anayesema hajazaliwa angali tumboni mwa mama yake. Kijana aliyekaa nyuma akamsahihisha: "Sikuzaliwa, mama." Nami nikabaki nimesimama na chaki mkononi.

Katika kukanusha, Kiswahili hakina ulegevu ule. Tunasema "nimezaliwa mwaka 1996", lakini tukikanusha tunasema "sikuzaliwa mwaka 1996". Tunasema "hayo yamesemwa jana", lakini kinyume chake ni "hayo hayakusemwa jana". "Hayajasemwa jana" inakwaruza sikio. Tunasema "nimemaliza kidato cha nne mwaka 2014", na kinyume chake ni "sikumaliza mwaka 2014". Lakini "nimekula", isiyo na tarehe wala saa, kinyume chake ni "sijala", na "amefika leo" kinyume chake ni "hajafika leo". Maana yake ni kwamba -ja- inalishika sharti lile lile la mlango wazi ambalo -me- hailijali. Ndani ya -ja- mna "bado": jambo halijawa, lakini nafasi ya kuwa ingalipo. Jana haina nafasi iliyobaki, kwa hiyo -ja- inaikataa kama "have" inavyoikataa.

Kwa hiyo kanuni ambayo nimekuwa nikiihubiri kwa michoro ya mistari na mishale, wanafunzi wangu wanayo kinywani tangu utoto. Nimeiandika upya kwa namna hii: kabla ya kuandika sentensi ya Kiingereza, ikanushe kwanza katika Kiswahili. Kinywa kikitoa -ja-, andika "have". Kikitoa -ku-, andika wakati uliopita. Darasani tumeipa jina la kipimo cha kinyume.

Usiku huo nilirudi kuisoma shajara hii, nikakuta katika wiki ya pili nimeandika "Jumamosi iliyopita nimepitia barua". Nimeiacha kama ilivyo. Kinyume chake, bila shaka, ni "sikupitia".

Kipimo hiki kina faida ya pili ambayo sikuitafuta. Wanafunzi wengi huandika "I did not went", wakiuweka wakati mara mbili. Sasa naweza kuwaonyesha kwamba katika "sikuenda" ni -ku- peke yake iliyobeba wakati, na "enda" imebaki kama ilivyo. Hakuna asemaye "sikulienda". "Did" hufanya kazi ya -ku-, kwa hiyo "go" nayo ibaki kama ilivyo. Maelezo haya yalichukua dakika mbili, na sura ya mazoezi ya "did" niliyoiandaa kwa wiki nzima nimeipunguza kutoka kurasa tano hadi mbili.

Wiki ya sita

Nimekijaribu kipimo katika eneo gumu zaidi, yaani watu mashuhuri, walio hai na waliofariki. Kiingereza kina desturi ambayo vitabu vya mazoezi huitaja kwa haraka au huiruka kabisa: mtu aliyefariki hasimuliwi kwa "have" tunapoeleza aliyoyatenda, hata kama hatutaji tarehe. Maisha yake ni mlango uliofungwa.

Nilichukua wakimbiaji wawili wa Kenya. Eliud Kipchoge ameshinda mbio za Berlin mara tano. Yuko hai, kwa hiyo "Kipchoge has won the Berlin Marathon five times" ni sahihi. Kelvin Kiptum alikimbia mbio za Chicago za Oktoba 2023 kwa saa 2, dakika 0 na sekunde 35, akaweka rekodi ya dunia, kisha akafariki katika ajali ya gari mwezi Februari 2024. Mwanafunzi aliyeandika "Kiptum has won in London and Chicago" hakutaja tarehe yoyote, na kwa kanuni ya tarehe peke yake asingeweza kuliona kosa lake. Nikamwambia akanushe, aseme kwamba Kiptum na mbio za Boston hawakukutana. Alisema papo hapo: "Kiptum hakuwahi kukimbia Boston." Kuhusu Kipchoge, aliyekimbia Boston mwaka 2023 na kumaliza wa sita, alisema: "Kipchoge hajashinda Boston." Hakuwahi kwa marehemu, hajashinda kwa aliye hai. Hakuna aliyemfundisha hilo. "Hajawahi" kwa marehemu ingekuwa kama kumsubiri arudi.

Mfano wa Wangari Maathai ni mzuri zaidi, kwa sababu una pande mbili ndani yake. Alianzisha Green Belt Movement mwaka 1977, akapata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, akafariki mwaka 2011. Yeye mwenyewe atasimuliwa kwa "planted", "founded" na "won". Lakini shirika lake lipo na linaendelea, kwa hiyo "the Green Belt Movement has planted millions of trees" ni sawa kabisa. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, yuko hai: "Gurnah has written many novels", lakini "Gurnah won the Nobel Prize in 2021", kwa kuwa hapo mwaka umetajwa. Zoezi hili limechukua kurasa tatu, na ndilo sehemu ya kijitabu ninayoipenda kuliko nyingine.

Wiki ya saba

Baada ya furaha, mapungufu. Kipimo cha kinyume hakifai mahali pote, na ni lazima kijitabu kiseme wazi.

Pengo kubwa ni vitenzi vya hali. "Amelala", "amekaa", "amesimama", "amechoka", "ameshiba", "amepotea" na "amevaa" vyote vina -me-, na vikikanushwa vinatoa -ja-: hajalala, hajachoka, hajashiba. Kipimo kingemwelekeza mwanafunzi kwenye "have", ilhali Kiingereza hapa hutumia wakati uliopo: "he is asleep", "she is sitting", "I am tired", "I am full", "we are lost", "she is wearing a khanga". Mwalimu anayeuliza "Umeelewa?" na kutafsiri "Have you understood?" hasemi kitu kisichoeleweka, lakini Mwingereza angeuliza "Do you understand?" Nimeweka swali la awali la kuuliza kabla ya kipimo: je, sentensi inaeleza jinsi mtu alivyo sasa hivi, ukimtazama? Kama ndiyo, kipimo kiachwe, itumike "is" au wakati uliopo.

Salamu nazo zilitutoa jasho kidogo. "Umelalaje?" ina -me-, lakini usiku umekwisha, na anayejibu vibaya husema "sikulala vizuri", si "sijalala vizuri". Hapa kipimo kinashinda: "How did you sleep?"

Pengo la pili ni "tangu". Wengi wetu husema "naishi hapa tangu 2015" au "nina miaka kumi hapa", na katika sentensi hizo hakuna -me- ya kukanusha. Mwanafunzi huandika "I am living here since 2015". Kwa hili sina njia ya mkato. Nimeandika tu kwamba ikiwapo "tangu" na jambo bado linaendelea, Kiingereza kinadai "I have lived here since 2015", na zoezi lina sentensi 15 za kurudia hadi mkono uzoee.

Pengo la tatu ni la masikio. Kijana mmoja darasani husema "sijaenda kazini jana" na haoni tatizo lolote. Kwa msemaji kama yeye kipimo hakina makali, nami sikutaka kubishana naye kuhusu Kiswahili chake katika darasa la Kiingereza. Amepewa njia ya mlango wazi na mlango uliofungwa, na inamtosha.

Nimeongeza pia nusu ukurasa kuhusu "gone" na "been". "Ameenda Pemba", na hadi sasa yuko huko, ni "he has gone to Pemba". "Amewahi kwenda Pemba" ni "he has been to Pemba". Neno "kuwahi" ni rafiki mwaminifu katika somo hili: "umewahi kula pweza?" ni "have you ever eaten octopus?" kila mara.

Wiki ya nane

Swali la wiki limetoka kwa wanaotazama filamu za Marekani. Wamesikia "Did you eat yet?" na "I already ate", ambapo kijitabu changu kinafundisha "Have you eaten yet?" na "I have already eaten". Je, Wamarekani wanakosea? Hawakosei, matumizi ya Marekani yanaukubali wakati uliopita pamoja na "yet", "already" na "just", hasa katika mazungumzo. Kwa kuwa mitihani ya kwetu hufuata desturi ya Uingereza, mazoezi yote yamebaki na "have", na tanbihi ya mistari minne inaeleza kwamba usemi ule si kosa ukitoka kinywani. Mwalimu mwenzangu aliyesoma rasimu alitaka tanbihi iondolewe, akihofu itawachanganya wanafunzi. Nimekataa, kwa sababu wameshausikia usemi huo na nikinyamaza watadhani siujui.

Kipimo cha kinyume, kwa njia, kiko upande wa Mwingereza. Anayeulizwa "umeshakula?" hujibu "bado, sijala".

Wiki ya tisa

Rasimu ina kurasa 22. Jana niliipeleka duka la kopi, na leo nimechukua nakala za kwanza, zenye ukurasa wa 9 uliogeuzwa juu chini. Wanafunzi waliandika upya barua zao za kazi kwa kutumia kipimo, na barua ya yule wa hoteli sasa inasomeka: "I was born in 1996 in Muheza. I finished Form Four in 2014. I worked in a hotel from 2016 to 2019. Since then I have worked as a driver." Sentensi ya mwisho aliiongeza mwenyewe bila kuambiwa.

Kurasa mbili zilizobaki nimeziweka kwa "had", yaani "alikuwa amefika" na "alishafika". Muuguzi wetu ameshauliza kama na huko kinyume kitasaidia. Nimejaribu "alikuwa hajafika" na "hakuwa amefika", zote mbili zinasemwa, na sijapata jibu la kumpa Jumanne.